Idara Mbili, Mwalimu Mmoja

Hasi mara hasi ni chanya. Kila aliyepita sekondari anaijua sentensi hiyo, na sisi tunaosomea ualimu wa Hisabati tunaweza kuitamka hata usingizini. Sasa chukulia uko mbele ya kidato cha kwanza, darasa lina watoto 80, na mmoja wa kule nyuma ananyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini?" Utamjibu nini?

Majibu yanayotolewa sana ni mawili. La kwanza ni "hiyo ndiyo kanuni, ikariri." La pili ni mfano wa deni. Mfano wa deni unakwenda vizuri kwenye 3 × (−2), kwa sababu madeni matatu ya shilingi mbili mbili ni deni la shilingi sita. Lakini (−3) × (−2) ni kitu gani? Madeni "hasi matatu" yanakaaje? Hapo mtoto anakuangalia wewe, na wewe unaangalia saa.

Cha ajabu ni kwamba jibu tumeshalisoma hapa hapa chuoni. Limo kwenye kozi ya aljebra dhahania, ile ambayo wengi wanaikumbuka kwa supu zake. Anza na ukweli kwamba 2 + (−2) = 0. Zidisha pande zote mbili kwa −3. Kulia unabaki na 0. Kushoto, ukifungua mabano, unapata (−3) × 2, yaani −6, ukijumlisha na (−3) × (−2). Ili jumla iwe 0, basi (−3) × (−2) lazima iwe 6. Hakuna aliyeamua tu iwe hivyo. Ni lazima iwe hivyo kama tunataka sheria ya kufungua mabano iendelee kufanya kazi kwa namba hasi kama ilivyofanya kwa namba chanya.

Na kwenye kozi za elimu tumesoma kwamba mtoto wa umri ule usimwanzie na uthibitisho. Mwanzie na kitu anachoweza kukiona. Kwa hiyo unaandika ubaoni, mstari kwa mstari: 3 × (−2) = −6; 2 × (−2) = −4; 1 × (−2) = −2; 0 × (−2) = 0. Unauliza: kila tukishuka mstari mmoja, jibu linafanya nini? Linaongezeka kwa 2. Haya, mstari unaofuata ni (−1) × (−2). Darasa litasema "mbili" kabla hujamaliza kuandika.

Uthibitisho uko idara ya hisabati. Njia ya kumfikia mtoto iko idara ya elimu. Shida yetu ni kwamba vitu hivi viwili havikutani kwenye ubao mmoja. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini havikutani, wenzetu mahali pengine walifanya nini ili vikutane, na sisi wanafunzi tunaweza kudai nini bila kusubiri miujiza.

Daraja analojenga mwanafunzi peke yake

Anayesoma shahada ya sayansi na elimu anajua maisha yalivyo. Asubuhi uko kwenye lekcha ya kalkulasi au kemia ogania, umekaa pamoja na wanaosomea uhandisi, jiolojia au sayansi ya chakula. Mhadhiri anafundisha watu wote kama vile wote watakuwa watafiti. Mchana unavuka chuo kwenda kwenye kozi ya saikolojia ya elimu au mbinu za kufundishia, umekaa na wenzako wa Historia, Kiswahili na Jiografia. Mhadhiri naye anafundisha watu wote kama vile somo halina tofauti: andalio la somo ni lile lile, maswali ya kuchochea fikra ni yale yale, uwe unafundisha vita vya Majimaji au logarithi.

Kila upande unafanya kazi yake, na mara nyingi unaifanya vizuri. Lakini kazi ya kuziunganisha pande hizo hana mwenyewe. Haiko kwenye mtaala wa idara yoyote, haina msimbo wa kozi, haina mtihani. Inaachiwa mwanafunzi aifanye mwenyewe, wiki chache za mazoezi ya kufundisha, akiwa na vipindi lukuki, chumba cha kupanga na bumu ambalo halijaingia.

Huko kwenye TP nako hali haibadiliki sana. Msimamizi anayekuja kukutathmini huenda akawa bingwa wa somo lisilohusiana kabisa na lako. Ataona kama umeandika tarehe ubaoni, kama sauti inafika nyuma, kama zana ya kufundishia ipo, kama umemsifia mtoto aliyejibu. Ni mambo ya maana. Lakini kama mfano ulioutumia kueleza mole ulikuwa wa kupotosha, hawezi kujua. Anayeweza kujua yuko idara ya kemia, na hakutumwa.

Hata tunapofundishana wenyewe kwa wenyewe darasani kama maandalizi, wanaojifanya kidato cha kwanza ni wenzako wa mwaka wa pili wa chuo. Wote wanajua hasi mara hasi ni nini. Hakuna atakayeuliza "kwa nini" kwa dhati, kwa hiyo unamaliza dakika zako kumi, unapigiwa makofi, na swali lenyewe linabaki likikusubiri shuleni.

Ugonjwa huu ni wa zamani

Tusijione kama tumerogwa sisi peke yetu. Mwaka 1908 mwanahisabati Mjerumani Felix Klein, wa Chuo Kikuu cha Göttingen, alichapisha mihadhara yake kwa walimu kuhusu hisabati ya shule inavyoonekana ukiitazama kutoka juu. Alieleza kukatika mara mbili. Kijana anapoingia chuo kikuu, anakuta hisabati isiyokumbusha chochote alichosoma shuleni, kwa hiyo anaisahau ile ya shule. Akimaliza na kurudi shuleni kufundisha, haoni jinsi ya kutumia ile ya chuo, kwa hiyo naye anafundisha kama alivyofundishwa. Miaka yote ya chuo inabaki kumbukumbu nzuri tu isiyogusa darasa lake. Klein hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa zama zake, na mwaka huo huo wa 1908 alichaguliwa rais wa kwanza wa kamisheni ya kimataifa ya ufundishaji wa hisabati.

Miaka karibu 80 baadaye, mwaka 1986, Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliuweka ugonjwa huu jina. Alichimbua mtihani wa walimu wa shule za msingi wa California wa mwaka 1875 na kukuta kwamba kati ya alama 1,000, nadharia na vitendo vya ufundishaji vilipewa 50 tu. Zilizobaki zote zilikuwa za masomo yenyewe. Kisha akaangalia jinsi walimu walivyokuwa wakipimwa zama zake, akakuta mambo yamepinduka: sasa kilichopimwa ni mbinu za jumla, na somo lenyewe limetoweka. Hoja yake ilikuwa kwamba kuna aina ya tatu ya maarifa katikati, ambayo si somo tupu wala si mbinu tupu. Tuiite maarifa ya kulifundisha somo. Ni kujua mfano upi unafungua mada na upi unaipotosha, wanafunzi huwa wanakosea wapi na kwa nini, na wanakuja darasani wakiamini nini kabla hujafungua mdomo.

Kama unaona hayo ni maneno ya kwenye vitabu, fuatilia utafiti wa Liping Ma uliochapishwa mwaka 1999. Aliwauliza walimu 23 wa Marekani na 72 wa China swali moja: tafuta 1¾ ÷ ½, kisha tunga hadithi ya maisha inayolingana na hesabu hiyo. Jaribu mwenyewe kabla hujaendelea kusoma.

Wengi hutunga hivi: nina kilo moja na robo tatu za sukari, nagawana na mwenzangu nusu kwa nusu. Hiyo ni kugawanya kwa 2, si kwa nusu. Hadithi inayolingana ni hii: nina kilo moja na robo tatu za sukari, nazifunga kwenye vifuko vya nusu kilo, natoa vifuko vingapi? Vitatu na nusu. Muuza duka yeyote anaijua hesabu hii kwa mikono yake. Katika utafiti ule, walimu wa Marekani waliopata hata jibu lenyewe hawakufika nusu, na mmoja tu ndiye alitunga hadithi yenye maana sahihi. Walimu wa China wote walikokotoa sawasawa, na asilimia 90 walitunga hadithi inayolingana. Kinachouma ni kwamba Wamarekani wale walikuwa na shahada, na wengi wa Wachina hawakuwa nazo. Kwa hiyo wingi wa miaka ya chuo peke yake hautoshi. Inategemea hiyo miaka ilikufundisha kuliangalia somo kwa jicho gani.

Kwa nini idara hazikai pamoja

Ni rahisi kusema wahadhiri wanaringiana. Wapo, lakini sababu kubwa ni ya kimfumo, na ukiielewa hutapoteza muda kulaumu watu.

Kozi moja ina msimbo mmoja, na msimbo ni wa idara moja. Mhadhiri hupangiwa mzigo wa kazi kwa kozi anazobeba. Wawili wakifundisha kozi moja pamoja, wote wawili wanahudhuria na wote wanatunga mtihani, lakini kwenye karatasi kila mmoja anahesabiwa nusu. Nani ataipenda hesabu hiyo? Halafu kuna kupanda cheo. Mhadhiri wa fizikia anapanda kwa machapisho ya fizikia. Akitumia semista nzima kufikiria namna ya kueleza mkondo wa umeme kwa kidato cha pili, jopo la kumpandisha cheo litamwuliza andiko liko wapi. Ongeza ratiba, ongeza majengo yaliyo mbali, ongeza ukweli kwamba wahadhiri wa sayansi wana madarasa makubwa kupindukia. Kutokutana kunakuwa ndiyo njia rahisi.

Kwa hiyo ushirikiano wa wahadhiri hauji kwa kuhimizana kwenye hotuba za mahafali. Unakuja pale ambapo kuna kitu cha pamoja cha kusimamia, na kinahesabiwa.

Walivyofanya Texas

Mfano ulioandikwa sana ni programu ya UTeach ya Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, iliyoanza mwaka 1997. Mwanzilishi wake alikuwa Mary Ann Rankin, mkuu wa ndaki ya sayansi asilia, yaani mtu wa upande wa sayansi. Shida yao ilikuwa kwamba wanafunzi wa sayansi hawakutaka kabisa kuwa walimu, na njia ya kuupata ualimu ilikuwa ndefu. Rankin hakuanzisha idara mpya. Ndaki ya sayansi na ile ya elimu zilikubaliana kuendesha programu moja, yenye uongozi wa pande zote mbili. Kwa miaka mingi mmoja wa viongozi wake amekuwa Michael Marder, mwanafizikia anayetafiti jinsi vitu vinavyopasuka, akishirikiana na mwenzake wa upande wa elimu.

Mambo manne waliyofanya yanastahili kuangaliwa.

Kwanza, waliajiri walimu wazoefu kutoka shule za sekondari, wakawaleta chuoni kuwa wakufunzi wa kudumu. Hawa hawakuja kutoa ushuhuda siku moja na kuondoka. Ndio wanaofundisha kozi za mwanzo, wanaopitia andalio la somo la kila mwanafunzi, na wanaokaa nyuma ya darasa wakati anafundisha.

Pili, mwanafunzi anaingia darasani mapema mno. Katika kozi ya kwanza kabisa anaandaa masomo machache ya sayansi au hisabati na kwenda kuyafundisha shule ya msingi. Kozi ya pili anapanda kwa watoto wakubwa kidogo. Anayegundua kwamba ualimu haumfai anagundua mapema, kabla hajamaliza miaka yote. Na anayegundua kwamba unamfaa anazisikiliza kozi zake za sayansi kwa sikio jingine, kwa sababu tayari ameulizwa maswali na watoto.

Tatu, kozi za elimu za jumla zilibadilishwa zikawa za walimu wa sayansi na hisabati hasa. Ipo kozi ya jinsi watu wanavyojifunza hisabati na sayansi. Ipo kozi ya historia ya sayansi, inayomwonyesha mwalimu kwamba mambo yanayomchanganya mtoto wa leo yaliwahi kuwachanganya wataalamu wakubwa. Ipo kozi ya mbinu za utafiti ambamo mwanafunzi anafanya uchunguzi wake mwenyewe. Na ipo kozi ya fankisheni na uundaji modeli, inayochukua mada za sekondari na kuzichimba kwa kina cha chuo kikuu. Ukikumbuka kukatika mara mbili kwa Klein, hii ya mwisho ndiyo dawa yake.

Nne, mwanafunzi anamaliza na shahada kamili ya sayansi pamoja na sifa ya kufundisha ndani ya miaka minne, bila kuongezewa mwaka.

Mpango huo ulipoonekana unafanya kazi, mwaka 2006 iliundwa taasisi ya kuusambaza, na vyuo zaidi ya 40 nchini Marekani vimeuchukua.

Kipi chetu, kipi si chetu

Tusiuchukue mzima mzima. Texas walikuwa wanawatafuta watu wa sayansi wawageuze walimu. Sisi tayari tumeandikishwa kwenye ualimu toka siku ya kwanza, na wapo waliohitimu wanaojitolea mashuleni wakisubiri ajira. Nchi yetu pia ina vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya walimu, kama DUCE na MUCE vya mwaka 2005, ambavyo sayansi na elimu zinakaa kwenye kampasi moja. Kwa maana hiyo nusu ya kazi iliyowasumbua wenzetu, sisi tumeshaimaliza. Iliyobaki ni kuunganisha.

Na hiyo iliyobaki si ndogo. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takribani mmoja kati ya wanne. Sababu ni nyingi: upungufu wa walimu, madarasa yaliyofurika, lugha. Hatuwezi kuubebesha mtaala wa chuo lawama zote. Lakini ni sisi tutakaosimama mbele ya hao watatu waliobaki.

Jirani zetu Kenya walijaribu kuutibu ugonjwa huu upande wa pili, kwa walimu walioko kazini. Mwaka 1998 walianzisha, kwa msaada wa JICA ya Japani, mradi wa SMASSE wa kuimarisha Hisabati na Sayansi sekondari. Walimu walirudishwa kwenye mafunzo ya kutumia vitendo, kumweka mwanafunzi katikati, kufanya majaribio na kubuni vifaa kwa vilivyopo. Kazi nzuri, na iliendelea hadi wakawa na kituo chao cha kitaifa, CEMASTEA, Nairobi. Lakini iangalie kwa makini: mafunzo kazini ni gharama ya kurudi kuweka kile ambacho kingewekwa mtu akiwa bado chuoni.

Na hapa nyumbani tuna mfano wa nini kinatokea somo na ufundishaji vikikaa kwenye kichwa kimoja. Fidelice Mafumiko, aliyekuja kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali, alikamilisha mwaka 2006 tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kuhusu majaribio ya kemia ya kiwango kidogo kwa sekondari za Tanzania. Wazo ni la matone badala ya chupa: vifaa vidogo vya plastiki, kemikali kidogo sana, kila kikundi kinafanya chenyewe badala ya darasa zima kumtazama mwalimu. Mkemia peke yake angejua matone yanatosha kuleta mabadiliko ya rangi. Mtu wa elimu peke yake angejua mtoto anajifunza kwa kushika. Ilihitajika mtu anayejua yote mawili, na anayejua hali ya maabara zetu.

Sisi tuna tatizo la tatu ambalo Texas hawana kwa namna hii. Chukua neno "nguvu." Mtaani nguvu ni kila kitu: mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, umeme leo hauna nguvu. Mtoto akiwa shule ya msingi, kitabu cha sayansi kinamtenganishia kani na nishati. Kabla hajazoea, anaingia sekondari na kukutana nayo upya kwa Kiingereza. Akichanganya kani na nishati kwenye mtihani, amekosea fizikia au amekosea lugha? Mwalimu asiyejua tofauti hiyo ataandika alama ya kosa na kuendelea. Hapa mhadhiri wa fizikia, wa elimu na wa Kiswahili wote wana la kusema, na sijaona meza wanayokaa pamoja kulisema.

Tudai nini

Wakati wa kudai ni sasa, kwa sababu vyuo vya umma vimekuwa vikipitia upya mitaala yake chini ya mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia. Mtaala ukishapitishwa, utatuwahi wote kuondoka. Haya ndiyo ninayopendekeza serikali ya wanafunzi iyabebe, na nimeanza na yale yasiyohitaji hela.

Moja. Kila karatasi ya maswali ya semina kwenye kozi za sayansi zenye wanafunzi wa ualimu iwe na swali moja la darasani. Kwa mfano: "Mwanafunzi anasema 0.999… ni ndogo kuliko 1. Thibitisha kwamba si kweli, kisha eleza utamwonyeshaje." Swali moja tu. Mhadhiri wa hisabati alitunge, mhadhiri wa elimu alipitie. Hata wasipoonana, wataanza kuandikiana.

Mbili. Zoezi la kufundishana litathminiwe na wawili, mmoja wa somo na mmoja wa elimu, na lihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa wote wawili. Bila sehemu hiyo ya mwisho, litakufa mwaka wa pili.

Tatu. Wakati wa TP, angalau ziara moja kwa kila mwanafunzi ifanywe na msimamizi wa somo lake. Magari yanakwenda mkoa ule ule. Kinachobadilika ni orodha ya nani anapanda gari lipi.

Nne. Mwaka wa kwanza usiishe bila mwanafunzi kukaa darasani katika shule jirani, aangalie, na mwishoni afundishe hata mada moja ndogo chini ya mwalimu wa pale. Na huyo mwalimu wa pale aalikwe chuoni kama mkufunzi, alipwe kama mkufunzi. Hili lina gharama, tusidanganyane. Lakini ndilo lililobeba mpango wa Texas.

Tano ni letu wenyewe. Kila anayerudi kutoka TP aandike maswali matano ambayo wanafunzi walimwuliza na chuo hakikuwa kimemwandaa kuyajibu. Wawakilishi wa madarasa wayakusanye, yapangwe kwa mada, nakala moja iende ndaki ya sayansi na nyingine elimu. Fomu za tathmini tunazojaza mwisho wa semista zinauliza kuhusu kozi moja moja; hakuna inayouliza kama kozi hizo zimewahi kukutana. Daftari la maswali ya watoto litauliza hilo kwa niaba yetu. Mhadhiri anaweza kulipuuza lalamiko la mwanafunzi wa chuo, lakini ni vigumu kupuuza swali la mtoto wa kidato cha kwanza ambalo hata yeye lazima akae chini ndipo alijibu.

Tukikusanya maswali 500 mwaka huu, tutakuwa na kitu ambacho idara zote mbili zinakihitaji na hakuna hata moja inayoweza kukimaliza peke yake. Hapo zitakaa pamoja, kwa sababu kutakuwa na kazi mezani.